Kumaliza Safari kwa Kiwango cha Chini: Michezo ya Video ya Uhusika na Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Miongoni mwa wachezaji wa michezo ya video ipo desturi ya kumaliza mchezo mrefu huku mhusika akiachwa kwa makusudi katika kiwango cha chini kabisa cha nguvu. Makala haya yanaeleza namna desturi hiyo inavyofanya kazi, kisha yanaisoma sambamba na njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ambako masuala ya nguvu, mzigo na maarifa ya njia yaliwakabili watu halisi. Mfano mkuu ni wa wapagazi walioupitisha mwili wa David Livingstone katika nchi ya Unyanyembe mwaka 1873. Hoja inayojengwa ni kwamba kiwango cha chini hakiondoi uwezo wote. Huondoa uwezo unaohesabika, na kuuacha wazi ule ambao hesabu haina safu ya kuuandikia.

Maneno makuu: michezo ya uhusika, kiwango, hongo, upagazi, Unyanyembe

1. Utangulizi

Nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo tembe ambayo leo ni jumba la kumbukumbu la Livingstone. Wageni huonyeshwa vyumba na milango, na huelezwa kwamba hapo ndipo Livingstone alipokaa na Henry Morton Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872. Jambo linalotajwa kwa haraka zaidi ni kwamba baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi, mwenzake alibaki hapo miezi mitano bila kwenda popote. Vitambaa vya kulipia njia alikuwa navyo, dawa alikuwa nazo, bunduki zilikuwapo, na jina lake lilikwisha kuenea Ulaya na Marekani. Alichokosa ni wapagazi. Walipowasili kutoka pwani mwezi Agosti, safari ilianza katika mwezi uo huo.

Hali hiyo ya mwenye kila kitu kushindwa kupiga hatua bila ya watu waliowekwa mwisho katika orodha yake ndiyo inayofungua mjadala wa makala haya. Upande mmoja kuna michezo ya video, ambamo nguvu ya mhusika huandikwa kwa tarakimu na mchezaji anaweza kuamua kuikataa. Upande wa pili kuna njia ya misafara, ambayo mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha UNESCO katika orodha ya awali ya urithi wa dunia kama njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mambo haya mawili hayakutani katika maandishi ya Kiswahili. Yanapokutanishwa, kila moja hudhihirisha katika jingine swali ambalo kwa kawaida hupita bila kuulizwa: mtu anapofika mwisho wa safari, ni nini hasa kilichomfikisha?

2. Dhana ya kiwango

Mchezo wa uhusika ni ule ambamo mchezaji huchukua nafasi ya mhusika mmoja, au kundi dogo la wahusika, akawapitisha katika hadithi ndefu yenye safari, mazungumzo na mapigano. Chimbuko la hesabu zake si kompyuta bali meza. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulichezwa kwa karatasi, penseli na dadu, na humo ndimo mhusika alipoanza kukusanya alama za uzoefu ambazo zikifikia idadi fulani humpandisha kiwango. Mwaka 1986 mchezo wa Kijapani Dragon Quest uliirahisisha hesabu hiyo kwa mashine za nyumbani, na mwaka uliofuata Final Fantasy ukafuata njia hiyohiyo. Tangu hapo utaratibu umekuwa mmoja katika michezo mingi: mhusika huua adui, hupata alama, hupanda kiwango, kila akipanda, uhai wake huongezeka, mapigo yake huwa mazito na ngozi yake huwa ngumu.

Wachezaji wengi wa Tanzania huifahamu dhana hii kupitia simu ya mkononi kuliko kupitia mashine za sebuleni. Katika vibanda vya gemu vya mijini, ambako mchezaji hulipia mechi au muda, mpira wa miguu ndio unaotawala, na ni jambo la kueleweka: hadithi ya saa arobaini haimaliziki kwa malipo ya nusu saa. Hata hivyo, neno kiwango limekwisha kuingia katika mazungumzo ya vijana, na pamoja nalo dhana kwamba kukua ni kuongezeka tarakimu.

Dhana hiyo inastahili kutiliwa shaka. Jina la alama hizo ni uzoefu, lakini kinachohesabiwa mara nyingi si kile ambacho mchezaji amejifunza bali idadi ya maadui waliouawa. Mtu aliyecheza vibaya kwa saa ishirini, akirudiarudia kuua viumbe dhaifu porini, atakuwa na kiwango cha juu kuliko aliyecheza kwa akili kwa saa tano. Toby Fox, mtunzi wa mchezo wa Undertale wa mwaka 2015, aliligeuza jambo hili kuwa fumbo la kazi yake nzima. Mwishoni mwa mchezo huo, mchezaji huambiwa kwamba herufi alizodhani zina maana ya kiwango zilikuwa kifupisho cha kiwango cha ukatili, na zile alizodhani ni uzoefu zilikuwa alama za kuua. Anayemsamehe kila anayekutana naye humaliza mchezo akiwa katika kiwango cha 1, yaani palepale alipoanzia.

3. Ushindi usio na kupanda

Undertale umemwandalia njia mchezaji asiyetaka kupanda. Michezo mingi haikumwandalia, na hapo ndipo desturi inayojadiliwa hapa inapopata uzito wake. Mchezaji hujiwekea sharti ambalo mtunzi hakulidai: atamaliza hadithi yote, pamoja na adui mkuu wa mwisho, bila kumpandisha mhusika kiwango, au kwa kumpandisha pale tu ambapo mchezo unamlazimisha.

Ili kuelewa kinachobadilika, hesabu ndogo inatosha. Chukulia mhusika mwenye uhai wa 100 anayekabiliana na adui ambaye pigo lake moja huondoa 120. Deraya ikipunguza pigo hilo hadi 105, mhusika anakufa vilevile. Kwa mchezaji wa kawaida deraya ni akiba ya makosa. Humwezesha kupigwa mara tatu au nne kabla ya kuanguka. Kwa mhusika wa kiwango cha chini akiba hiyo haipo, na kwa hiyo deraya ni mzigo usio na faida. Swali lake si tena atavumilia mapigo mangapi. Ni vipi asiguswe kabisa.

Mchezo wa Dark Souls, uliotengenezwa na kampuni ya FromSoftware mwaka 2011, ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Tabaka moja tu la wahusika, la wachawi wa moto, ndilo linaloanza katika kiwango cha 1, na mchezaji anaweza kukataa kupanda hadi mwisho. Katika mchezo huu wepesi wa kukwepa hutegemea uzito wa vitu alivyovaa na kushika mhusika. Akibaki chini ya robo ya uwezo wake wa kubeba, hujiviringisha upesi na kwa umbali; akizidisha, mwendo wake huwa mzito. Mchezaji wa kiwango cha chini kwa hiyo huvua. Huacha deraya, huacha ngao kubwa, hubaki na kile anachokihitaji kweli. Jambo la pili ni kwamba roho anazozipata kwa kuua maadui zinaweza kutumika kwa njia mbili: kumpandisha mhusika kiwango, au kununulia na kuboreshea zana. Anayekataa njia ya kwanza huitumia ya pili. Huuacha mwili ulivyo na kuitengeneza silaha, na uchawi wa moto katika mchezo huo haumdai mtumiaji wake akili wala nguvu za ziada. Kiwango cha chini, kwa maneno mengine, si umaskini wa kila kitu. Ni uamuzi kuhusu mahali pa kuweka mali.

Hata hivyo hazina kubwa ya mchezaji huyo haipo katika orodha yoyote ya mchezo. Ni kujua kwamba adui fulani huinua mkono wa kushoto kabla ya kupiga kwa kulia. Kwamba baada ya mapigo matatu hupumua. Kwamba nyuma ya nguzo ile kuna nafasi ambayo moto haufiki. Maarifa hayo hukaa kwa mchezaji, si kwa mhusika. Kumbukumbu ya mashine ikifutika, yeye bado anayo.

Mfano wa Final Fantasy VIII wa mwaka 1999 ni wa namna nyingine, na pengine ndio wenye mafunzo mengi zaidi kwa mjadala huu. Humo nguvu za maadui wengi hukadiriwa kwa wastani wa viwango vya kundi la mchezaji. Kundi likipanda, maadui nao hupanda. Anayejibidisha kuua ili awe na nguvu hujikuta akipambana na viumbe waliokua pamoja naye, na jasho lake lote linakuwa limeununua ugumu mpya. Wakati huohuo nguvu halisi za wahusika hutokana zaidi na uchawi wanaouchota na kuufunganisha na sifa zao za mwili, kazi isiyohitaji kiwango cha juu. Wachezaji waliligundua hilo mapema. Wakawageuza maadui kuwa kadi, kitendo kisichotoa alama za uzoefu, wakazigeuza kadi kuwa vifaa na vifaa kuwa uchawi. Maadui wakuu katika mchezo huo hawatoi alama za uzoefu, hivyo kuwashinda hakumwondoi mtu katika sharti lake. Squall, mhusika mkuu, huanza akiwa katika kiwango cha 7, na wapo wanaomfikisha mwisho wa hadithi akiwa hapohapo, tena kwa urahisi kuliko wanaompandisha.

Kasoro ya hesabu za namna hiyo ilionekana tena katika Oblivion, mchezo wa mwaka 2006, ambamo mhusika aliyepanda sana hukutana na wanyang'anyi wa barabarani waliovaa deraya za thamani kuu huku wakimdai vijisenti. Katika mchezo huo mhusika hapandi kiwango mpaka alale kitandani. Kubaki chini ni kukesha.

4. Hongo, mzigo na kirangozi

Msomaji anayeifahamu historia ya Unyamwezi atakuwa ameisikia kanuni ya Final Fantasy VIII mahali pengine. Misafara iliyotoka pwani kuelekea Unyanyembe ilipita Ugogo, ambako watawala walidai hongo, yaani malipo ya kupita na kutumia maji. Kiasi chake hakikuwa kimoja kwa wote. Kilipatikana kwa majadiliano yaliyoweza kuchukua siku, na msafara ulioonekana tajiri ulidaiwa zaidi. Kwa hiyo kila mzigo wa vitambaa ulioongezwa ili kulipia njia ulihitaji mpagazi wa kuubeba. Mpagazi alihitaji posho. Posho iliongeza mizigo. Na msafara uliorefuka uliyavuta macho ya wenye nchi na kupandisha hongo. Njia ilikua pamoja na msafiri. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi, waliokwenda pwani na pembe zao wenyewe na kurudi na vitambaa na shanga, waliijua hesabu hii vizuri kuliko wasafiri wa Kizungu ambao vitabu vyao vimejaa malalamiko kuhusu hongo.

Baada ya Ugogo ilikuwapo Mgunda Mkali, nyika ya miiba na maji haba iliyowatenga wasafiri na Unyanyembe. Hapo bunduki haikusaidia. Kilichohitajika ni kujua kisima kiko wapi, kina maji mwezi gani, na mwendo upi utaufikisha msafara kabla ya vibuyu kukauka. Aliyejua hayo ni kirangozi, mtangulizi wa msafara, aliyetembea mbele na bendera, akivaa mavazi ya kuonekana kwa mbali na kubeba mzigo mwepesi kuliko wenzake. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 30 begani au kichwani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi katika Afrika ya Mashariki ya karne ya 19, ameonyesha kwamba watu hawa hawakuwa wanyama wa kubebeshwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi za kazi, njia za kugoma na heshima ya taaluma yao.

Kwa Wanyamwezi wa wakati huo, kwenda pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Kijana asiyewahi kufika huko hakuhesabiwa sawa na aliyefika. Huo nao ni mfumo wa viwango, na alama zake ni za uzoefu kweli. Tofauti yake na ule wa mashine ni kubwa. Katika mchezo, kila kiwango huongeza misuli. Katika njia, mtu aliyekwenda pwani mara kumi alikuwa na magoti mabovu kuliko kijana wa safari ya kwanza, na bado ndiye aliyetangulia mbele. Uzoefu ulipanda huku mwili ukishuka, na hakuna aliyeona ajabu.

Wapo, bila shaka, waliopanda viwango katika maana ya kawaida. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mtu mashuhuri Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na usimulizi huo unasomeka kama daftari la mlimbikizo: mtaji mdogo wa mkopo, faida, watu zaidi, bunduki zaidi, nchi zaidi.

Lakini mlimbikizo huo haukuwa dhamana. Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, wakiwa na jeshi ambalo Stanley alilikadiria kuwa na watu zaidi ya 2,000, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao, walitoka kumpiga Mirambo, mtawala wa Urambo. Wakauteka Wilyankuru. Waliposhika njia ya kurudi wakiwa wameelemewa na pembe na mateka, Mirambo aliwavizia na kuwavunja, na waliobaki kambini wakakimbia bila mpango. Ushindi wa asubuhi ndio uliowatia mzigo uliowaua jioni. Stanley, baada ya kurejea Kwihara, aliacha vita hiyo. Mwezi Septemba alitoka na kundi dogo la watu wasiofika mia moja, akazunguka kwa kusini kuliepuka eneo la vita, na alipofika Uha, baada ya kulipa hongo mara kadhaa, alivuka sehemu iliyobaki usiku akiongozwa na mwenyeji anayeijua njia. Mwezi Novemba alikuwa Ujiji. Mchezaji wa kiwango cha chini angeitambua kila hatua: kupunguza kundi, kukwepa mapambano yasiyo ya lazima, na kulipia maarifa badala ya nguvu.

5. Kasekera, 1873

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo nchini Zambia. Wapagazi na watumishi wake walikuwa sitini hivi, na kati yao Abdullah Susi na James Chuma ndio waliokaa naye muda mrefu zaidi. Susi alitoka Chupanga kwenye mto Zambezi. Chuma, Myao, aliokolewa utotoni mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Pamoja nao alikuwapo Jacob Wainwright, aliyeweza kusoma na kuandika Kiingereza. Watu hao waliuzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa muda wa majuma mawili hivi, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, kisha wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,600 kwenda pwani.

Kwa kipimo chochote cha wakati huo, hilo lilikuwa kundi la kiwango cha chini. Halikuwa na bwana ambaye jina lake lingefungua milango. Mali yake ilikuwa kidogo. Wengi waliugua mwanzoni kiasi cha safari kusimama kwa karibu mwezi mzima. Tena walibeba kitu ambacho watu wengi njiani wangekiona kuwa najisi na hatari: maiti ya mgeni. Haifai kuwapamba kuwa wapole kupita kiasi. Bunduki walikuwa nazo, na katika kijiji cha Chawende walipigana na kukiteka. Lakini mapigano hayo yalikuwa jambo la pekee katika safari yao, si utaratibu wake.

Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, na hapo wakakuta kundi la kiwango cha juu. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwapo na wenzake wawili, ametumwa na Royal Geographical Society kumsaidia Livingstone. Walikuwa na fedha, silaha na mamlaka, na wote walikuwa hoi kwa homa. Cameron alishauri mwili uzikwe hapohapo, kwa kuwa wenyeji wa mbele wasingekubali upite. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi. Katika tarakimu zote alizoweza kuziona, jambo lile halikuwezekana. Chuma na Susi walikataa. Cameron hatimaye aliendelea magharibi na baadaye akafika pwani ya Atlantiki. Mmoja wa wenzake, Dillon, akiwa katika mateso ya homa, alijiua Kasekera, si mbali na Unyanyembe, wakati wa safari ya kurudi pwani.

Ni Kasekera hapohapo ambapo hofu ya Cameron ilithibitika. Wenyeji walikataa maiti isipite. Kundi lililokuwa na nguvu lingeweza kulazimisha. Kundi hili halikuweza, na halikujaribu. Badala yake likajifanya limekubali. Mwili ukatolewa katika kifungashio chake na kufungwa upya uonekane kama robota la kawaida la vitambaa. Kisha yakakatwa mabua ya mtama, yakafungwa pamoja na kuvingirishwa kitambaa mpaka yakachukua umbo la maiti iendayo kuzikwa. Barua ikachomekwa katika kijiti kilichopasuliwa, kama ilivyokuwa desturi ya kupeleka barua, na watu sita wa kuaminika wakapewa jukumu la kuirudisha "maiti" hiyo Unyanyembe mbele ya macho ya watu wote. Giza lilipoingia watu hao walitupa mabua porini kidogokidogo, wakatupa na vitambaa, wakarudi kwa wenzao kila mmoja kwa njia yake. Robota likaendelea na safari. Mwezi Februari 1874 likafika Bagamoyo.

Tukio hili linastahili kusomwa kama kazi ya ufundi. Waliolitenda walikuwa wanaijua miiko ya wenyeji kuhusu maiti, na pia kwamba robota la vitambaa ndicho kitu kisichotazamwa mara mbili katika njia ya misafara, kwa kuwa yalipita kwa maelfu. Walijua namna barua halisi inavyoonekana mkononi mwa mjumbe. Unyonge wao wenyewe uliwasaidia: hakuna aliyetarajia hila kutoka kwa wapagazi, na wapagazi wanaorudi nyuma na maiti walikuwa wanafanya kile hasa ambacho watu wa daraja lao walitarajiwa kufanya, yaani kutii. Cameron asingeweza kuitumia njia hiyo hata kama angeifikiria, kwa sababu msafara wake ulionekana mno.

6. Mipaka ya ulinganisho

Ulinganisho huu una mahali unapokatika, na ni muhimu kupaonyesha. Mchezaji huuchagua udhaifu. Akichoka, huuacha, akifa, huanza tena kutoka mahali pa mwisho alipohifadhi, akiwa na maarifa ya kifo chake. Kwa hakika maarifa ya mchezaji wa kiwango cha chini hujengwa kwa vifo vingi, pengine mamia, ambavyo havimgharimu kitu zaidi ya muda. Katika Mgunda Mkali maarifa ya mahali pa maji nayo yalijengwa kwa vifo, lakini vya watu wengine waliokuja kabla. Na katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa, ambao hawakupangiwa kiwango chochote isipokuwa bei. Kwao neno mchezo halina mahali, na mchambuzi hana haki ya kulitafutia.

Tofauti ya pili ni ya sifa. Anayemaliza mchezo kwa kiwango cha chini husifiwa kwa ustadi. Watu huelewa mara moja kwamba tarakimu zikiwa ndogo, kilichobaki ni akili ya mchezaji. Wapagazi wa mwaka 1873 hawakusomwa hivyo. Baada ya kuukabidhi mwili kwa maofisa wa Kiingereza, walilipwa ujira wao na kuachiliwa waende. Wakati Livingstone anazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, kati ya wote waliombeba ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha shajara za marehemu kwa ajili ya kuchapishwa. Sehemu kubwa ya kinachojulikana leo kuhusu Kasekera ilipita katika vinywa vyao. Royal Geographical Society iliwatengenezea wapagazi hao medali, na juu yake yakaandikwa maneno yenye maana ya waaminifu hadi mwisho. Uaminifu ni sifa njema, lakini ni sifa ya mtumishi. Hila ya mabua ya mtama haikutokana na uaminifu. Mtu mwaminifu asiyejua njia angelizika Unyanyembe kama alivyoshauriwa.

Soko la Zanzibar liliwapima kwa mizani nyingine. Susi alichukuliwa na Stanley kwa kazi za Kongo. Chuma aliajiriwa kuuongoza msafara ambao Royal Geographical Society iliutuma mwaka 1879 chini ya Keith Johnston. Johnston alifariki mwezi Juni mwaka huohuo huko Behobeho, kabla safari haijafika mbali, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza barani Afrika. Msafara haukurudi. Ulifika Ziwa Nyasa, ukafika Ziwa Tanganyika, na mwaka 1880 ukarejea pwani kwa njia ya Tabora, Chuma akiwa mnyampara wake mkuu, akiipita kwa mara nyingine ile njia aliyoipita miaka saba nyuma na robota lililokuwa na mwili ndani.